Tusiwalishe Wanyama Njiani

Majira ya joto, shule zifungwapo, jamaa nyingi za Marekani husafiri kwa motokaa, baba, mama na watoto, kutoka Denver au Salt Lake City mpaka San Francisco, wakizuru mbuga za taifa. Safari hiyo ni njema, ila ina funzo.

Katika Yellowstone, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1872, zamani wasafiri waliwapa dubu mkate madirishani mwa motokaa. Watoto walicheka, picha zikapigwa. Basi dubu wakazoea kuomba barabarani. Tangu 1931 hadi 1969 walijeruhi watu wapatao 48 kila mwaka, na dubu wengi wakauawa kwa sababu hiyo. Mwaka 1970 walinzi wakaanza kuikaza sheria. Leo hapana ruhusa kumkaribia dubu chini ya mita 91.

Wako wasemao kuwa kipande cha mkate ni huruma tu. Sivyo. Mnyama aliyezoea mkono wa mtu hupoteza hofu, nayo hofu ndiyo ngao yake. Nasi, wanafunzi wenzangu, tupitapo Mikumi kwa basi, tusiwatupie nyani ndizi. Tuwatazame, twende zetu.