Bunduki ya Risasi Moja

Wakenya wengi wanajua aina mbili tu za watu wenye bunduki: polisi na mwizi. Tajiri mwenye bastola kiunoni hatumhesabu, kwa sababu huyo tunamwita mheshimiwa. Mimi ni wa aina ya nne, ambayo haina hata jina: msichana wa Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, anayetaka kununua bunduki ya kutoboa karatasi. Na nimechoka kuulizwa nataka kumuua nani.

Swali hilo nimeulizwa na shangazi yangu, nikalipokea kwa heshima, maana shangazi ana haki ya kuogopa. Nimeulizwa na vijana wa bodaboda pale Maungu, tukacheka. Lakini pia nimeulizwa na afisa mmoja katika ofisi ambayo sitaitaja, mtu mwenye kalamu na muhuri, na yeye hakuwa anatania. "Dada, kwani huko kwenu kuna vita gani?" Nikamwambia hakuna vita, afande, ni mchezo. Akanitazama viatu. Nawaapia, alitazama viatu kwanza, ndipo akapanda hadi usoni na kusema, "Huo mchezo una wenyewe."

Una wenyewe. Haya yote ninayoandika hapa ni jibu la maneno hayo mawili.

Kwanza tuelewane tunazungumzia chombo gani, maana ukitaja bunduki, kijana wa mjini anaona AK-47 ya kwenye muvi. Bunduki ya mashindano ya mita 50 hutumia risasi ndogo ya .22, yenye upana wa milimita 5.6. Ninayoitaka mimi haina magazini. Unachukua risasi moja kwa vidole, unaiingiza, unafunga boliti, unalenga, unafyatua. Halafu unaanza upya. Ni ndefu, ni nzito, haifichiki ndani ya koti wala kwenye begi la mgongoni. Ukienda kuiba nayo duka la M-Pesa, mwenye duka atakuwa amefunga na kufika kwake kabla hujaingiza risasi ya pili. Inaua? Ndiyo, inaua, sitakudanganya. Ndiyo maana nitafika kwenye suala la kufuli.

Haina darubini pia. Nyuma kuna tundu dogo, mbele kuna pete. Unaweka pete ndani ya tundu, kisha doa jeusi la shabaha ndani ya pete, duara ndani ya duara ndani ya duara, na ukipumua vibaya yote yanahama. Kile kiini cha kati, chenye alama kumi, kina upana wa milimita 10.4. Hiyo ni punje ya mahindi. Mwambie mtu aiweke punje ya mahindi umbali wa nusu ya uwanja wa mpira, simama uitazame, halafu uniambie kama huu ni mchezo wa watu wa fujo. Mtu wa fujo hawezi kutulia hivyo kwa dakika tano, sembuse saa nzima.

Tena kuinunua ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kuivalisha. Kitako chake kina skrubu kila mahali: kinarefushwa, kinafupishwa, kinapandishwa, mpaka shavu lako likae palepale kila mara bila kufikiri. Mimi ni mfupi, na nikishika bunduki ya kuazima iliyopangiwa mwanamume wa futi sita, shingo inaniuma kwa siku mbili. Kuna mkanda unaozunguka mkono wa kushoto ili uzito ubebwe na mfupa, si msuli, kwa sababu msuli unatetemeka na mfupa hautetemeki. Kuna glovu. Kuna mto mdogo wa kuweka chini ya kifundo cha mguu unapopiga goti. Kuna jaketi ya turubai na ngozi, ngumu kama mlango, na kanuni za kimataifa zinapima hadi ugumu wake ili mtu asije akavaa kabati. Uivae hiyo Voi mwezi wa Februari ndiyo utajua Mungu yupo.

Kisha risasi. Hapa ndipo wengi hawaamini. Masanduku mawili ya kampuni ileile, aina ileile, bei ileile, ila yametengenezwa siku tofauti: moja, kwenye bunduki yako, linapanga matundu yote ndani ya shilingi moja, lingine linayatawanya kama mbegu za mpapai. Hakuna anayejua mpaka ajaribu. Ndiyo maana Eley kule Uingereza na Lapua kule Ujerumani wana vyumba vya majaribio, mlengaji anapeleka bunduki yake, inajaribiwa kwa toleo moja baada ya lingine, kisha ananunua shehena ya lile lililokubali. Sisi tunanunua kilichopo. Kikiwepo.

Na bei? Bunduki mpya ya Anschütz ya daraja la mashindano inauzwa kwa maelfu ya yuro hukohuko inakotengenezwa, Ujerumani. Kwa hesabu zetu ni kama bodaboda tatu mpya, na hapo hujalipa usafiri, ushuru, jaketi, wala hilo sanduku la risasi la kubahatisha. Kwa hiyo afande hakukosea kabisa. Mchezo una wenyewe. Ila sikubali kwamba ni hivyo kwa sababu mbingu zimeamua. Watu ndio walioamua, na kwetu Taita Taveta tunaweza hata kutaja miaka.

Mwaka 1898, Patterson, mhandisi wa daraja la reli, aliwaua simba wawili wa Tsavo. Akaandika kitabu, akasifiwa, na simba hao leo wamesimama ndani ya kioo huko Chicago. Mei 1931 ndege ya Denys Finch Hatton ilianguka Voi na akafa papo hapo. Ndiyo, huyo aliyeigizwa na Robert Redford. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka matajiri kuwinda, hadi mwana wa mfalme wa Uingereza, na alikuwa ameanza kutumia ndege kuwatafuta tembo kutoka angani ili wateja wasihangaike kutembea. Bunduki walizobeba watu hawa ziliitwa bunduki za michezo. Hilo ndilo jina lililoandikwa kwenye vitabu vyao, na hakuna aliyewauliza wanataka kumuua nani, ingawa jibu lilikuwa wazi, lina pembe mbili nyeupe.

Sasa watazame majirani zetu Waata, ambao vitabu vya zamani vinawaita Waliangulu. Hawa walimwinda tembo kwa upinde na sumu ya msunguti, wakimsogelea kwa miguu mpaka wakaweza kumhesabu kope. Pinde zao zilipopimwa, nguvu ya kuvuta ilipita ratili mia moja, kitu ambacho mwanamume wa jimu hawezi kukivuta mara mbili. Tsavo ikafanywa mbuga mwaka 1948, na kati ya 1956 na 1957 ikaja operesheni kubwa ya kuwasaka. Wakafungwa wengi. Walengaji bora kabisa ambao nchi hii imewahi kuwa nao tuliwapeleka jela, na pinde zao zikawa vidhibiti.

Tembo alikufa kwa mikono ya wote wawili. Mmoja akaitwa mwanamichezo, mwingine jangili, na kilichowatenganisha kilikuwa karatasi yenye bei. Tafadhali msinielewe vibaya, sitaki uwindaji urudi. Marufuku ya 1977 naiunga mkono, hata zile asubuhi mama anapoamka na kukuta tembo wamemaliza mahindi. Ninachosema ni kwamba hili neno "michezo", likikaa karibu na bunduki, halijawahi kuwa neno la bure katika ardhi hii. Limekuwa cheo.

Na mlima wenyewe una kumbukumbu zake. Mwaka 1915 Wajerumani walitoka upande wa Tanganyika wakapigania Kasigau na Waingereza. Waingereza wakawashuku watu wetu kuwa wamemsaidia adui, wakawakusanya na kuwapeleka Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi. Waliobaki hawakurudishwa hadi miaka ya 1930. Vita ilikuwa ya bunduki za watu wengine, lakini walioadhibiwa walitoka kwenye vijiji vyetu. Ukikulia chini ya mlima huo, huhitaji kufundishwa kuziogopa bunduki. Lakini pia unajiuliza: mbona kila mara inayotokea ni ya mtu mwingine?

Turudi kwenye ofisi. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inamtaka anayeomba cheti awe na sababu nzuri. Naipenda sheria hiyo. Nasema kweli. Sitaki nchi ambamo bunduki inauzwa kama mkate. Tatizo langu ni nani anaaminika kuwa na sababu nzuri. Mfanyabiashara akisema anaogopa wezi, hiyo ni sababu, anapewa bastola, na Ijumaa usiku bastola ileile inawekwa juu ya meza ya klabu kando ya chupa, ili wasichana waione. Mwishoni mwa 2018 serikali yenyewe iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Maana yake hata waliozitoa hawakuwa na uhakika wamempa nani. Kati ya bastola ya kwenye meza ya klabu na bunduki ya risasi moja yenye skrubu kumi na mbili, niambie ni ipi inayopaswa kumkosesha afisa usingizi.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu marafiki zangu wameshaniambia. Tarehe 25 Juni 2024 polisi walifyatua risasi za moto nje ya Bunge, vijana wa rika letu wakafa, na wewe unatuletea hadithi za kitako na mkanda? Hilo ndilo pingamizi pekee ninaloliheshimu kikamilifu. Na jibu langu si kwamba kijana ajinunulie silaha ajilinde. Hapana, na ukisoma hivyo umesoma kitu ambacho sijaandika. Lakini mtu aliyefundishwa mchezo huu, kitu cha kwanza anachofundishwa, kabla hajapewa hata risasi moja, ni kwamba mtutu hauelekezwi kwa binadamu. Si ukiwa tupu, si kwa utani, si kamwe. Ukiuelekeza kwa mtu unaondolewa uwanjani siku hiyohiyo, haijalishi baba yako ni nani. Ningependa kuishi katika nchi ambamo kanuni hiyo inajulikana na watu wengi zaidi, wakiwemo wanaolipwa mshahara kubeba mtutu.

Kwa sasa mtu wa Kasigau akitaka kujifunza kanuni hiyo atapanda matatu hadi Voi, kisha basi au treni zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi, atafute anayemjua mwanachama wa klabu. Kule Kirigiti, Kiambu, kuna uwanja na mashindano ya bastola yanafanyika, na yamefana, hongera zao. Njia nyingine ni kujiunga na jeshi, polisi au magereza, ambako bunduki ipo na muda wa mazoezi upo. Yaani uwe tajiri au uwe askari. Tunawezaje kushangaa kwamba Wakenya wanaona aina mbili tu?

Mwaka 2016, kule Rio, bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ilibebwa na mlenga mishale, Shehzana Anwar. Si mkimbiaji, mlenga mishale! Nilidhani siku iliyofuata mtu fulani huko wizarani angesema, ngoja, si kuna watu Tsavo waliokuwa mabingwa wa kitu hiki kwa vizazi? Watoto wa Kiwata ninaowajua mimi hawajashika upinde wa mashindano hadi leo. Wanauza makaa na kuombwa vitambulisho.

Kwa hiyo sisemi nipewe bunduki nilale nayo Rukanga chini ya kitanda. Mimi mwenyewe sitaki hivyo, na mama angenifukuza. Nataka klabu ya kaunti. Bunduki nne za .22 zenye vitako vya kurekebishwa, moja ya mkono wa kushoto, zinunuliwe kwa jina la klabu na zilale katika ghala la silaha la polisi Voi. Hata yangu, nikifanikiwa kuinunua, ilale hukohuko. Zitoke Jumamosi asubuhi kwa sahihi, zirudi jioni kwa sahihi, risasi zihesabiwe na maganda yahesabiwe. Pinde sita kando yake, kwa watoto ambao bado hawajafikia umri. Jaketi mbili za kupokezana, tutavumilia jasho la wenzetu. Kaunti hununua magari kila mwaka wa fedha. Hii orodha yote haifiki bei ya gari moja la mkubwa.

Na uwanja ni kipande cha mita 50, pamoja na tuta la udongo nyuma ya shabaha. Liwe la udongo, tafadhali, si ule mwamba wa mlimani ambao kila mtu ninayemweleza ananionyesha kwa kidole. Mwamba hurudisha risasi. Tuta refu kuliko mtu, udongo uliochekechwa usiwe na mawe, na bendera nyekundu inayopandishwa watu wakiwa wanalenga ili wachungaji wajue wasipitishe mbuzi. Koleo tunazo.