Kabla Hujaangusha Mvule, Uliza Kama ni Jike

Ndugu wakulima, na nyinyi mnaouza miche kando ya barabara, leo niseme jambo linalonikera kila ninapopita mashambani huku Muheza.

Mnunuzi wa mbao akifika kijijini, jicho lake huenda kwenye ule mvule mkubwa uliobaki peke yake katikati ya minazi. Unapimwa, unaangushwa, hela inalipa ada ya shule. Sina ugomvi na ada. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna anayeuliza kama mti ule ulikuwa jike au dume.

Mvule ni kama mpapai: dume ana mti wake na jike ana wake. Dume hutoa mikia myembamba, myeupe, inayoning'inia na kudondoka. Jike hutoa tunda fupi nene la kijani, utadhani kiwavi aliyeshiba, na popo wanalipenda. Mbegu ziko kwa jike tu. Tukiangusha jike wa mwisho kitongojini, dume atakayebaki ni kivuli cha ng'ombe.

Wengi mnaniambia mvule haukubali kitaluni. Si kweli, ila una masharti. Okota matunda yaliyoiva na kuanguka, yaloweke, yaponde kwa mkono, kisha chuja. Mbegu ni ndogo mno, kilo moja ina zaidi ya laki tatu, kwa hiyo matunda machache yanamtosha mtu. Zianike kivulini na uzipande mapema. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilizifunga kwenye karatasi nikaziweka kwenye droo nikingoja mvua za mwaka uliofuata. Haikuota hata moja. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili usizimwage mahali pamoja, tawanya juu ya tuta, funika kwa udongo kidogo sana, weka kivuli na umwagilie taratibu. Ndani ya wiki mbili tatu utaona kijani. Zikipata majani kadhaa, hamishia kwenye viriba.

Tatizo kubwa linakuja baadaye. Kuna kidudu kidogo kinachotaga kwenye vichipukizi, majani yanavimba matezi, matezi yakipasuka yanaoza na ncha ya mche inakufa. Hapo ndipo watu hukata tamaa. Kwa maoni yangu kosa ni kupanda mivule mitupu ekari nzima kama mitiki. Panda mmoja hapa na mwingine kule, ndani ya migomba, kahawa au minazi, penye kivuli cha kiasi. Kidudu kitapata kazi ya kuutafuta.

Mtaniuliza nani atakayeungoja. Ni kweli, mtiki utakulipa mapema zaidi, na sisemi uache mitiki. Lakini miche mitano ya mvule kwenye mpaka wa shamba haikunyimi hata debe moja la mahindi, na mbao yake mchwa haiwezi. Wauza miche, nanyi mjaribu. Kila kitalu nikipita ni mitiki na mikaratusi, halafu mnalalamika wateja wamepungua.

Aliye na mvule jike shambani aupige alama ya rangi shinani, aseme na wanawe wasiuguse, kisha anijulishe ofisini. Matunda yakianza kudondoka nitakuja na viriba.