Kituo cha treni si cha wenye magari pekee

Ukisikia mtaa wenu utajengewa kituo cha treni chenye maegesho, usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza: magari yatawekwa wapi, na asiye na gari atapita wapi?

Chukua mfano wa Syokimau. Kituo hicho kilifunguliwa Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki, na wazo lilikuwa rahisi: acha gari pale, panda treni hadi tao, epuka jamu ya Mombasa Road. Wazo zuri. Shida ni kwamba vijana wengi waliopanga nyumba Syokimau na Mlolongo hawana ndai. Wao hufika kituoni kwa miguu, kwa boda au kwa matatu.

Hebu tupige hesabu. Gari moja lililoegeshwa, ukijumlisha na njia ya kulipitisha, huchukua takriban mita mraba 25 hadi 30. Maana yake hekta moja hutosha magari 330 hadi 400 hivi. Tena treni hizi hufanya kazi zaidi asubuhi kuelekea mjini na jioni kurudi. Gari likiachwa hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hukaa hadi jioni. Nafasi hiyo imehudumia mtu mmoja, labda wawili, siku nzima.

Sasa fikiria sehemu ya kushushia abiria. Matatu ya watu 33 ikisimama dakika tatu kisha iondoke, nyingine 19 zinaweza kuifuata ndani ya saa moja. Hao ni zaidi ya watu 600, kwenye kipande cha ardhi kisichozidi nafasi ya magari machache.

Watembeao kwa miguu nao ni wengi kuliko unavyodhani. Kwa dakika kumi mtu huenda kama mita 800. Chora duara la umbali huo kuzunguka kituo na utapata hekta 200 hivi za makazi. Lakini ukuta mmoja usio na lango, au mtaro usio na kivuko, unaweza kugeuza dakika kumi kuwa 25. Hapo mtu huita boda, na nauli aliyookoa kwenye treni inayeyuka.

Ndiyo maana mpangilio wa kituo una maana sana. Karibu kabisa na lango wanafaa kuwa watembeao kwa miguu na wanaotumia viti vya magurudumu, wakifuatwa na baiskeli, matatu, na wanaoshushwa na boda au teksi. Gari la kuegeshwa siku nzima lije mwisho. BART, shirika la treni la eneo la San Francisco, Marekani, lilipitisha sera yenye mpangilio wa aina hiyo mwaka 2016.

Hii haimaanishi maegesho yafutwe. Anayetoka mbali akiacha gari kituoni, hilo ni gari moja chini barabarani. Ila yeye anaweza kutembea dakika tatu zaidi kutoka alikoliegesha. Dada anayeshuka saa moja na nusu usiku asilazimike kupenya katikati ya magari gizani ili afike steji.

Nani wa kuulizwa? Hapa ndipo mambo huchanganyika. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, reli ni kazi ya serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho ya umma ni za kaunti. Kwa hivyo treni inaweza kuwa nzuri na jukwaa safi, lakini ukitoka langoni uingie matopeni. Kila upande utakwambia si kazi yake.

Basi usiishie kulalamika mtandaoni. Serikali ya kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na umma una haki ya kutoa maoni. Mkiitwa kikao cha wadi, nendeni na ombi linalopimika: njia ya miguu ya mita kadhaa kutoka mtaa fulani hadi lango la kituo, taa zake, na kivuko juu ya mtaro. Ombi la namna hiyo linaweza kuwekewa bajeti, na mwaka ukiisha mtajua kama limetekelezwa.