Barua kwa Wazazi na Walimu wa Chekechea, Ubungo

Ndugu zangu wa Manzese, Mabibo, Kimara na Mbezi,

Nikiwa huku London, fikra zangu zi kwenu, na hasa kwa watoto ambao kila asubuhi hukabidhiwa mwalimu wa chekechea wakiwa na mkoba mgongoni, pasipo mwalimu kuambiwa neno juu ya maradhi waliyozaliwa nayo.

Katika nchi yetu ya Tanzania watoto takriban 11,000 huzaliwa kila mwaka na selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Na kwa kuwa maradhi haya, yanayorithiwa kwa baba na mama pamoja, yamezungukwa na minong'ono na lawama zisizo haki, wazazi wengi huyasitiri. Sitara hiyo naiona ndiyo hatari kubwa kuliko zote, maana mwalimu asiyejua humzuilia mtoto maji ili asiombe ruhusa ya msalani kila mara, ilhali mwili ukipungukiwa maji ndipo chembe za damu hujipinda, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yakamshika. Kisha mtoto aliyejiinamia kwa maumivu akahesabiwa mvivu, pengine akachapwa.

Hapa England kila mtoto mchanga hupimwa kwa tone la damu ya kisigino, na aonekanaye na selimundu huanzishiwa penisilini kabla hajatimiza miezi mitatu, kwani ilithibitika Marekani mwaka 1986 kwamba dawa hiyo huwakinga wadogo na vijidudu vya nimonia. Lakini nisemalo leo halihitaji maabara. Serikali yetu huko nyumbani ilipozindua programu ya malezi na makuzi ya awali Desemba 2021, iliweka afya na ujifunzaji chini ya paa moja. Basi mzazi na aombe kliniki waraka mmoja, amkabidhi mwalimu faraghani, na humo yaandikwe haya: maji wakati wowote, ruhusa ya choo bila karipio, sweta siku za masika, na homa ikipanda asilazwe mkekani kungojea jioni, bali mzazi apigiwe simu na mtoto akimbizwe hospitali saa ile ile, iwe Sinza Palestina au Mloganzila, kwa sababu wengu wake hauna tena nguvu ya kumlinda.

Nanyi walimu, siku ya kuandikisha, mwulizeni kila mzazi kwa upole, mkiwa naye peke yake.

Ndimi ndugu yenu,
London