Kichwa kinauma, kumbe ni shingo

Hapa Newburg kila maumivu ya kichwa yana jina moja: presha. Kazi yangu ni ukalimani katika zahanati za Louisville, na nimeona mara nyingi mama aliyetoka zamu ya usiku ya vifurushi akipimwa presha, ikawa sawa, akabaki ameduwaa. Sasa ni nini?

Daktari huuliza maumivu yanaanzia wapi. Sisi hushika paji la uso, maana ndipo panapouma. Lakini neva tatu za juu za shingo hukutana na neva inayoleta hisia za uso, na ubongo huchanganya habari hizo. Shingo ikiumia, unasikia maumivu nyuma ya jicho. Daktari wa Norway, Ottar Sjaastad, ndiye aliyeyapa maumivu haya jina la kitaalamu mwaka 1983.

Kwa hiyo mweleze daktari hivi: huanzia kisogoni yakapanda mbele, hukaa upande uleule, huzidi nikigeuza shingo, na shingo haigeuki vizuri. Kipandauso nacho hushika upande mmoja, ila mara nyingi huja na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuinamisha kidevu kifuani, kisha atakugeuza kichwa. Shingo nzima hufika kama nyuzi 45 kila upande. Eksirei ikionyesha pingili zilizochakaa usiogope sana, hata wasioumwa wanazo.

Tiba kubwa ni mikono ya mtaalamu na mazoezi. Mwaka 2002 Gwendolen Jull na wenzake wa Australia walitibu watu kwa wiki 6 kwa njia hizo, na nafuu ilidumu hadi mwaka mmoja. Zoezi lenyewe linaonekana la kitoto: lala chali, itikia "ndiyo" polepole bila kuinua kichwa, shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Likiongeza maumivu, acha umwulize mtaalamu. Vidonge vya kawaida ukivimeza siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi 3, vyenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Na yule kinyozi anayekuvunja shingo "kra" baada ya kunyoa, mkataze. Mshipa wa damu ukichanika shingoni huleta kiharusi.

Kichwa kikipasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au kikaja na homa na shingo ngumu, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, au baada ya kuanguka, piga 911. Maumivu mapya baada ya miaka 50 nayo yasisubiri.

Ukiomba miadi, sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia bila malipo. Usimpeleke mtoto akutafsirie. Wengi waliokulia hapa hata kisogo hawajui ni wapi.