Kompyuta Kuwaka Siyo Kuwa Tayari

Mwisho wa kutuma maombi ya skolashipu ulikuwa saa sita usiku, lakini umeme wa chumba chetu cha kompyuta hapa Kakuma unazimwa saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo watu wote walijaa mchana. Saa nane na nusu, dada mmoja wa bloki ya jirani alikuwa amefika ukurasa wa nne wa fomu. Alikuwa ameandika habari yake yote, ile ya kwa nini shule ilikatika, ile ambayo mtu haandiki mara mbili kwa moyo uleule. Kompyuta ikazima. Umeme upo, feni ya ukutani inazunguka, wengine wanaendelea kuandika. Ni yake tu. Akaiwasha tena, ikakaa dakika sita, ikazima.

Kompyuta ile tuliiunga sisi wenyewe wiki mbili kabla, kutoka vipande vilivyonunuliwa Nairobi. Siku ya kuikabidhi wageni walikuja, tukaiwasha, ikaonyesha ile picha ya mlima, watu wakapiga makofi, karatasi ikasainiwa. Hakuna mtu aliuliza swali. Hata sisi hatukujiuliza, kwa hiyo tukubali kabisa kwamba kosa la kwanza ni letu.

Tulipofungua sanduku jioni, tulicheka kwa uchungu. Lile pande la aluminiamu lenye feni linalokaa juu ya prosesa linashikwa na pini nne za plastiki. Kila pini unaibana mpaka ilie "ta!". Tatu zilikuwa zimelia. Ya nne iliingia nusu, upande mmoja umeinuka kidogo tu, joto likakosa njia ya kutoka. Dada yetu alimalizia fomu usiku kwa simu ya kaka yake, kwa maneno machache kuliko yale ya kwanza.

Sasa mtu atasema, mbona wiki mbili nzima haikuonekana? Ni kwa sababu kompyuta inayofungua ukurasa mmoja haifanyi kazi karibu yoyote. Prosesa inalala, inaamka kidogo, inalala tena. Hata ikibanwa vibaya itaonekana nzima. Ukifungua kurasa kumi na mbili, video ya mafunzo na fomu ya kupakia vyeti, saa nane mchana, chini ya mabati, ndiyo utaijua. Ikipanda sana, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, mtu analalamika eti "intaneti ni pole pole". Ikishindikana kabisa, inazima.

Kwa hiyo tangu siku ile tuko na sheria: kompyuta mpya haitoki mezani kabla hatujaikimbiza. Ndiyo, wakimbizi tunaikimbiza kompyuta, chekeni. Tunaweka programu ambayo inaipa hesabu ngumu bila kupumzika, halafu tunakaa tukitazama nyuzi za joto. Tunatumia Prime95. Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mafundi kama sisi, ilitengenezwa kwa watu wanaotafuta namba tasa kubwa sana, mradi ulioanza 1996. Uzuri wake ni kwamba jibu sahihi inalijua, kwa hiyo prosesa ikikosea hesabu hata mara moja, inakuambia. Mwaka 2016 kampuni ya Intel ilikubali kwamba prosesa zake za kizazi cha sita zilikuwa zinaganda kwenye hesabu fulani nzito, na walioikamata shida hiyo ni watumiaji wa programu hii. Kama mwenye kiwanda alipitwa, sisi wa chini ya mabati ni nani tusipime?

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni saa ya kupima. Kuna ndugu mmoja wa shirika fulani alitushauri tupime usiku, kuna ubaridi, hatutasumbua wanafunzi. Tunamheshimu, lakini hapana. Joto la prosesa linahesabiwa juu ya joto la chumba. Kama usiku chumba kiko nyuzi 26 na prosesa inafika 78, maana yake inapanda 52 juu ya hewa iliyopo. Mchana chumba kikifika 38, ongeza zile 52, uko 90. Prosesa nyingi za Intel mwisho wake ni kama 100. Yaani kompyuta iliyofaulu vizuri usiku, mchana imebakiza hatua chache, na hapo vumbi la Turkana bado halijaingia kwenye feni. Jaribio la baridi linakupa cheti cha kompyuta itakayotumika Ulaya. Tena mchana ndipo sola iko na nguvu, na hii kazi inakula umeme.

Usiku tunauacha kwa ramu, siku tukipata betri ya kutosha. Memtest86+ inawashwa kutoka kwenye flashi, inaandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu tena na tena. Hapo hakuna kusamehe, kosa moja ni kosa. Kompyuta inayozima inaudhi, lakini ile inayobadilisha herufi ndani ya faili lako kimya kimya ni mbaya zaidi.

Tunaambiwa tunaharibu vifaa vya wafadhili. Bana, kama kitu kitakufa kwa saa mbili za hesabu, kilikuwa kinakufa tayari, na afadhali kife mikononi mwetu. Muuzaji alitupa siku saba za kurudisha. Ukipima siku ya pili, unarudisha. Ukigundua wiki ya tatu, umebaki na pambo. Kweli, hatuhitaji siku nzima kama wanavyofanya wenye umeme wa bure. Saa mbili mchana na usiku mmoja wa ramu zinatutosha.

Tunachoomba wenzetu wa mashirika ni kidogo. Kwenye ile karatasi ya makabidhiano kuna jina, namba ya kifaa na sahihi. Ongezeni mstari mmoja: joto la juu lililofikiwa, na saa ngapi. Halafu tarehe ya wageni iwekwe baada ya jaribio, siyo jaribio lipangwe kuzunguka wageni. Na kwenye bajeti msisahau pesti ya joto na feni za akiba, maana kompyuta sita zinaletwa na kichupa kimoja cha pesti, halafu fundi anapaka kama anapaka mkate siagi kwa watu ishirini. (Kichujio cha vumbi tumejitafutia, ni kipande cha chandarua kilichochanika. Msituripoti.)

Kati ya kompyuta sita, nne zimepita. Ya tano ilikosea kwenye ramu, kipande kimerudi Nairobi kwa basi. Ya sita iligota nyuzi 97 jana saa nane, tumeizima. Kesho tunaijaribu tena ikiwa na feni ya pili nyuma. Mwenye feni ya milimita 120 ambayo haitumii, atuletee kabla ya saa saba.