Pikapu za Shule Haziuawi na Uzee

Yeyote aliyezizuru shule zetu za bweni amewahi kuliona kaburi hili. Nyuma ya stoo, karibu na tangi la maji, imesimama pikapu ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Magurudumu yamekwisha hewa, nyasi zimeota hadi mlangoni, na kuku wa mpishi hutaga kwenye kiti cha dereva. Ukiuliza ilikufaje, utajibiwa kwa mkato kwamba ilizeeka. Jibu hilo hutolewa kwa utulivu, kana kwamba anayezungumziwa ni ajuza aliyekula chumvi nyingi na kuzikwa kwa heshima. Mimi nasema jibu hilo si la kweli. Nyingi katika pikapu za umma nchini humu haziuawi na uzee. Huuawa na sisi tunaoketi vikaoni na kalamu mkononi.

Katika hesabu za shule za upili kuna fungu ambalo kila mwalimu mkuu hulijua kwa herufi zake tatu za Kiingereza, R.M.I. Kwa lugha yetu ni fungu la ukarabati, utunzaji na uboreshaji. Aghalabu hukusudiwa majengo na samani, lakini maneno hayo matatu yanatosha kuwa mwongozo wa kumiliki kitu chochote, liwe dawati, paa au gari. Kutunza ni kukizuia kitu kisiharibike. Kukarabati ni kukirejesha kilichoharibika katika hali yake. Kuboresha ni kukipa uwezo ambao hakikuwa nao. Mwenye busara huanza na la kwanza, akaenda la pili panapo haja, kisha akafika la tatu akiwa na akiba. Sisi huyafuata kinyumenyume. Twaanza na kuboresha kwa kuwa uboreshaji huonekana na wageni. Twakarabati gari likishakwama, kwa kuwa hapo hatuna hiari. Kwenye kutunza hatufiki.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nimo miongoni mwa washtakiwa. Mwaka wa 2004 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya bweni ya milimani, na mmoja wa wanakamati ya uchukuzi. Wazazi walifanya harambee, huyu akiuza mbuzi na yule akitoa malipo yake ya chai ya mwezi mzima, tukanunua pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika. Siku ilipoingia langoni tuliimba. Mwezi wa pili tukaketi kujadili namna ya kuipa hadhi. Tukaidhinisha kanopi yenye nembo na wito wa shule, vyuma vya kung'aa vya kukinga uso wa gari, taa mbili za ziada na matairi mapana. Sahihi yangu ni mojawapo ya sahihi nne zilizopitisha malipo hayo.

Dereva wetu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye daftari la kurasa thelathini na mbili kama yale ya wanafunzi. Humo aliandika kilomita alizokwenda, mafuta aliyotia na kasoro alizoziona. Mara tatu katika muhula mmoja aliandika jambo lile lile: pedali ya breki inazama, mafuta ya breki yamekuwa meusi, yabadilishwe. Mara tatu daftari lilifika ofisini, na mara tatu likarudi na jibu la wino mwekundu kwamba fungu halipo, asubiri muhula ujao.

Barabara haikuusubiri muhula ujao. Alasiri moja ya mvua pikapu ilikuwa ikiteremka mlima, nyuma imepakia magunia ya mahindi na maharagwe, na mbele ameketi dereva pamoja na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa akirejeshwa kutoka zahanati. Kwenye kona ya tatu dereva alikanyaga breki, pedali ikaenda hadi sakafuni. Alipunguza gia, akavuta breki ya mkono, na alipoona hayo hayatoshi akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlimani badala ya kuliachia bonde. Uamuzi ule wa sekunde chache uliokoa roho mbili. Mwanafunzi alivunjika mkono wa kulia, ule anaouandikia. Vile vyuma vya kung'aa vilipindika kama waya, na kanopi yenye wito wa shule ikalala mtaroni.

Kilichotokea pale hakikuwa ajali ya kudra tu. Ni somo la fizikia la kidato cha kwanza. Kanuni ya Pascal yatufunza kwamba shinikizo likitiwa katika kioevu kilichofungiwa husambaa sawa pande zote. Mguu wa dereva husukuma mafuta ya breki, mafuta yakasukuma pistoni ndogo zilizo kwenye magurudumu, gari likasimama. Yote hayo yamesimama juu ya jambo moja, kwamba kioevu hakibonyei. Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto mkali, mafuta yaliyolowa huchemka na kutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kioevu, hubonyea. Hapo mguu wa dereva hubonyeza mvuke, na magurudumu hayapati habari. Ndiyo sababu hushauriwa mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Gharama yake ni chupa moja na saa chache za fundi.

Sasa nifike pale panaponichoma. Baada ya ajali kikao kiliitishwa, na kikao kilihitaji mkosaji. Ilisemwa kwamba dereva aliendesha kwa kasi. Daftari lake lilikuwa mezani mbele yetu, limefungwa. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ilikuwa na daftari, na habari tulikuwa nazo. Ikapotea vivyo hivyo, kwa maana daftari lisilosomwa halina tofauti na lisiloandikwa. Nilijua kilichomo ndani yake. Sikunyosha mkono kulifungua. Mwisho wa mwezi dereva aliachishwa kazi, akakabidhi funguo pamoja na daftari. Tangu hapo nimesahihisha insha nyingi juu ya ukweli na ujasiri, na kila mara nimeona haya.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba shule zetu ni maskini, karo hailipwi kwa wakati, na fedha za serikali huchelewa. Hayo ni kweli. Hata hivyo, fedha za kanopi zilipatikana, na malipo yake peke yake yangalitosha kubadilisha mafuta ya breki kwa miaka mingi. Isitoshe, sehemu kubwa ya utunzaji haihitaji hata senti. Kupima oili ya injini kwa kijiti chake kabla gari halijawashwa, kutazama maji ya rejeta injini ikiwa baridi, kukagua upepo wa matairi, kuinama kuona kama pana matone chini ya gari, na kuikanyaga breki kabla ya kutoka langoni ni kazi ya dakika tano.

Yale yanayohitaji fedha nayo yana ratiba inayojulikana mapema. Kwa pikapu nyingi zinazofanya kazi ngumu katika barabara zetu za vumbi, oili na chujio lake hubadilishwa kila kilomita 5,000 hivi. Injini zinazotumia mkanda wa taimingi zina kikomo chake pia, ambacho mara nyingi ni kilomita 100,000. Mkanda huo ukikatika gari likiwa mwendoni, katika injini nyingi za dizeli vali hugongana na pistoni, na bei ya mkanda ikageuka kuwa bei ya injini. Tumewafunza watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, tukawapa alama kwa kuieleza methali hiyo vizuri. Nani atatupa sisi alama kwa kuitenda?

Wako pia watakaosema kwamba ukaguzi wa serikali unatosha. Ni kweli kwamba magari ya biashara, zikiwemo pikapu, hupaswa kukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa mwaka wa 2012. Ukaguzi huo ni jambo jema. Lakini cheti hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Siku zilizosalia za mwaka mkaguzi ni dereva, na dereva asiyesikilizwa ni mkaguzi aliyezibwa mdomo.

Sipingi uboreshaji. Napinga uboreshaji unaorukia juu ya mengine. Chukua mfano wa springi. Shule hutaka pikapu ya tani moja ibebe tani mbili, basi huongezewa bamba za springi, nayo husimama wima hata ikipakiwa kupita kiasi. Macho huridhika. Hata hivyo, breki zimebaki zile zile zilizokusudiwa tani moja, vilevile ekseli na beringi. Bamba zimeuficha uzito bila kuupunguza. Uboreshaji wa kweli huanzia pale uhai unapotegemea: mikanda ya usalama inayofunga, taa zinazomulika barabara na si kupamba, matairi yanayolingana na mzigo. Kisha, akiba ikibaki, tuandike wito wa shule ubavuni kwa rangi tuipendayo.

Jambo la mwisho lawahusu walimu wenzangu moja kwa moja. Nchi hii iliwahi kuthubutu kuota ndoto ya kuunda gari lake. Wahandisi wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer, yakazinduliwa mwaka wa 1990, ila hayakufika sokoni. Hadi leo twalisimulia gari hilo ama kwa kicheko ama kwa huzuni. Lakini taifa la waunda magari hutanguliwa na taifa la watunza magari. Mtoto hujifunza chombo kwa kukifungua, kukisafisha na kukifunga tena. Chini ya 8-4-4 mwanafunzi wa kilimo alisoma mizunguko minne ya injini na utunzaji wa trekta, akaichora kwa penseli na kupita mtihani, huku pikapu ya shule ikifia mita hamsini kutoka dirisha la darasa lake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2017, wasema mwanafunzi aweze kutenda. Basi na atende. Mwalimu wa fizikia awapeleke wanafunzi kwenye kopo la mafuta ya breki. Mwalimu wa hesabu awape kilomita na lita wapige wastani, kwani gari linaloanza kunywa mafuta kuliko kawaida latangaza ugonjwa wake. Fundi wa jua kali aalikwe aeleze kazi yake mbele ya darasa, aitwe mwalimu siku hiyo, na aonyeshe jinsi ya kukitambua kipuri bandia.

Kwa bodi za shule nina pendekezo moja tu, nalo halina gharama. Daftari la dereva lipewe nguvu. Kasoro yoyote ikiandikwa, mwalimu mkuu aijibu kwa maandishi katika muda wa siku saba. Kasoro ikiwa ya breki, usukani au matairi, funguo zilale ofisini hadi fundi atie sahihi kwamba imeondolewa. Na ajali ikitokea, kikao kisianze kabla daftari halijasomwa kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa.

Katika Kiswahili, neno kutunza lina maana mbili. Ni kuhifadhi, na pia ni kumpa zawadi aliyefanya vyema, kama mwimbaji anavyotunzwa arusini. Dereva wetu aliitunza pikapu kwa maana ya kwanza, nasi tulipaswa kumtunza kwa maana ya pili. Tulimfukuza. Mkono wa mwanafunzi yule ulipona, akaandika mitihani yake. Dereva sikumwona tena.

Msomaji wangu, iwapo shuleni kwenu yupo dereva mwenye daftari, mwombe akufungulie leo. Ulisome kabla gari halijafika kwenye kona ya tatu.